Boxer ya mnada wa polisi kwa laki nne: nijilipue?

Kijana_wa_Kihonda:
Wakuu, heshima kwenu. Kuna tangazo limebandikwa kituo cha polisi huku kwetu Morogoro: pikipiki zilizokamatwa na wenyewe hawakuzifuata zitapigwa mnada wa hadhara Jumamosi ijayo. Nimechungulia uani, zipo Boxer, TVS na SanLG zimelaliana, nyasi zimeota katikati ya rimu. Jamaa yangu anasema Boxer inaweza kuondoka kwa laki nne, wakati mpya ni karibu milioni tatu. Nina laki saba, nataka mdogo wangu aache kupelekea bosi hesabu kila jioni. Nijilipue?

Msamvu_Original:
Jilipue mkuu, ila usimwonyeshe mtu unaitaka ipi.

Fundi_Mkongwe:
Mdogo wangu, nimekuwa nikifungua injini tangu enzi za Toyo, na pikipiki za mnada zinaletwa bandani kwangu juu ya guta. Kabureta hamna. Betri hamna, CDI (kile kiboksi cha kuwashia cheche ya plagi) hamna, kuna nyingine hata kiti hamna. Hiyo laki nne ni bei ya fremu na injini, mengine utayakuta dukani.

Siku ya ukaguzi hawatakuruhusu kuiwasha. Toa gia, bonyeza kiki kwa mkono, taratibu. Ikishuka kwa ubishi kidogo, kompresheni ipo. Ikigoma kabisa, pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Ikishuka kama haina kitu ndani, ringi au valvu zimekwisha. Fungua tenki unuse: petroli iliyolala miaka inanuka kama vanishi, na tenki lenye kutu litakuzibia kabureta mpya kila wiki.

Halafu inama usome namba ya chesisi, shingoni mwa fremu, chini ya usukani. Boxer zinaanzia MD2, TVS MD6. Pitisha kidole. Namba za kiwandani zina mstari mmoja na kina kimoja. Ukihisi chuma kimesagwa, au tarakimu moja imepanda juu ya wenzake, ondoka hata wakikupa kwa laki. Hiyo namba imechezewa, utaishia kuiuza spea. Masharti ni "kama ilivyo na mahali ilipo", nyundo ikishagonga hakuna kurudisha.

Mama_Nuru:
Kaka fundi kamaliza chuma, mimi niseme makaratasi. Kadi mara nyingi haipo, anayo yule aliyeitelekeza. Kwa hiyo ukienda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki, silaha yako ni karatasi za mnada: risiti ya malipo, hati ya mauzo yenye namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, na nakala ya amri ya mahakama kama mauzo yalipitia huko. Linganisha herufi kwa herufi kabla karani hajafunga daftari. Mume wangu aliandikiwa 8 palipotakiwa B, na kuirekebisha kulimchosha kuliko kutengeneza injini yenyewe.

Angalia pia deni la faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya pikipiki. Faini ya bodaboda ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021, lakini zikirundikana ni hela. Uliza mapema nani anazilipa.

Kijana_wa_Kihonda:
Asanteni sana. Kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anasema yeye ni wa ndani, nimtumie laki mbili anishikie Boxer nzima. Na fundi, mwisho wangu uwe shilingi ngapi?

Fundi_Mkongwe:
Huyo ni tapeli, ndugu yake wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mnada wa hadhara hauna kushikiana. Minada ya serikali kwa kawaida unaweka asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 14, ukishindwa amana imekwenda. Soma tangazo lenu linasemaje.

Kwa laki saba yako, mwisho uwe laki tatu na nusu. Kabureta, betri, waya, tairi na usajili vitakula hizo nyingine, na bado utaniomba nikukopeshe ufundi. Wale jamaa wa spea watakuwepo, wamekaa pamoja kimya. Wanaachiana kwa zamu, wakitoka nje wanagawana. Wakikuona mgeni watakupandishia makusudi ili ukome kuja. Bei ikipita laki tatu na nusu, kunja mikono uwaachie.

Msamvu_Original:
Fundi si uende naye tu Jumamosi? Soda juu yetu.

Fundi_Mkongwe:
Jumamosi nina injini mbili mezani. Anitumie picha ya hizo namba za chesisi siku ya ukaguzi, apige kwa karibu na mwanga utokee pembeni. Nitazisoma bure.