Viwanda vinavyohamia kwetu: ajira huongezeka, mshahara je?

Mjomba wa Shela, Malindi
Assalamu alaikum. Binti wa dada yangu aliondoka hapa mwaka jana kwenda Mombasa kushona jinzi katika kiwanda cha EPZ, yaani eneo maalumu la viwanda vya kuuza bidhaa nje. Suruali nzima hajapata kuishona: kazi yake ni mfuko wa nyuma wa kulia, na wa kushoto ni wa mwenziwe aliye kando. Naambiwa zamani kazi hiyo ilifanyiwa Marekani. Je, kazi ikihamishwa namna hii, mshahara wa fundi wa huku hupanda, au kinachopanda ni idadi ya vibarua tu?

Maalim
Waalaikumu ssalaam, ndugu yangu. Ajira huongezeka, hilo halina ubishi. Sheria ya EPZ ilitungwa mwaka 1990, ikiwapa wawekezaji msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10, lakini viwanda vya nguo vilimiminika hasa Marekani ilipopitisha AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, mwaka 2000, kwa kuwa nguo zetu ziliruhusiwa kuingia huko bila ushuru hata zikiwa za kitambaa cha China. Mshahara ni habari nyingine. Wanauchumi Feenstra na Hanson walipochunguza viwanda vilivyohamia Mexico, walikuta kwamba katika miaka ya 1980 malipo ya wenye ujuzi yalipanda kuliko ya vibarua, kwa sababu kazi iliyohesabiwa duni Marekani ilikuwa ya ujuzi kwa kipimo cha Mexico. Pengo likapanuka pande zote mbili.

Bi. Cherehani
Maalim, mimi nilikuwa ndani. Kabla ya kiwanda nilikuwa nikifua nguo za watu kwa kutwa, kwa hiyo siwezi kusema sikufaidika: nilipata mshahara wa mwezi, nikapanga chumba. Lakini tulipoomba nyongeza, msimamizi alitujibu kuwa mashine zile zina magurudumu. Mgawo wa nguo wa kimataifa, yaani kikomo cha nguo ambazo kila nchi iliweza kuuza nje, ulipofutwa mwanzoni mwa 2005, wanunuzi wakapata nafasi ya kuagiza zaidi China, oda zetu zikapungua, na asubuhi moja tulikuta geti lina kufuli. Binti na ajifunze kushona suruali nzima. Mfuko mmoja hauajiriki kwingine.

Mkulima wa Mpeketoni
Mnazungumzia sindano, pamba mmeisahau. Huku Lamu tunailima, Mpeketoni na Hindi, na bado jinzi ya Mombasa hushonwa kwa kitambaa kilichokuja kwa meli. Kinachobaki nchini ni ujira wa mikono, umeme na kodi ya jengo. Kiwanda cha namna hiyo hakina mizizi, na kisicho na mizizi huogopa hata nyongeza ndogo. Bangladesh nayo ilianza kwa kushona tu, kisha ikajenga viwanda vya kusokota uzi, na baada ya maandamano makali kima cha chini cha mshahara wa mwezi kilitoka taka (sarafu ya huko) 8,000 hadi 12,500 mwishoni mwa 2023. Wafanyakazi walidai karibu maradufu ya hizo, lakini wanunuzi hawakuhama usiku ule, kwani uzi, vifungo na mafundi viko pale pale.

Mjomba wa Shela, Malindi
Ahsanteni. Nimempigia simu nikamwuliza majora ya kitambaa yameandikwa nini. Anasema ni Kichina, na zipu pia. Za hapa ni katoni.