Kwa nini seli T huondoka kwenye uboho ilhali seli B hubaki huko?

Mdadisi:
Ndugu wanajukwaa, ninajiandaa kwa mtihani wa baiolojia na kuna jambo ambalo vitabu vyangu vinalipita haraka mno. Vyote vinasema kwamba seli T na seli B huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha seli T huenda kukomaa katika tezi ya thaimasi na seli B hubaki. Sababu ya kutengana huko haielezwi. Tena, ikiwa vipokezi vya seli hizi hutengenezwa kwa kubahatisha, ni nini kinachouzuia mwili usijishambulie?

Mtu wa Maabara:
Ndugu Mdadisi, maswali yako mawili yanakutana mahali pamoja, yaani katika kile ambacho kila seli inatakiwa kukitambua. Kipokezi cha seli B ni kingamwili iliyoshikamana na utando wa seli, nacho hunasa kirusi au sumu ya bakteria moja kwa moja, jinsi ilivyo. Kipokezi cha kawaida cha seli T huona vipande vidogo tu vya protini, na sharti vipande hivyo viwe vimebebwa na molekuli za MHC juu ya seli nyingine. Kwa kuwa molekuli hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu, seli T changa lazima ipimwe mara mbili: kwanza kama inaweza kuzitambua MHC za mwili iliomo, na pili kama haitaudhuru mwili huo. Thaimasi ndipo vipimo hivyo vinapofanyika.

Seli inayoingia humo bado haijawa seli T. Huelekezwa njia hiyo na ishara inayopitia kipokezi kiitwacho Notch1; katika panya ambao jeni ya kipokezi hicho ilizimwa kwenye seli za damu, ndani ya thaimasi zilionekana seli B changa. Baada ya hapo vimeng'enya RAG1 na RAG2 hukata DNA ya jeni za kipokezi cha seli T na kuunganisha vipande vyake upya, na hapo ndipo bahati nasibu uliyoitaja inapotokea. Seli hufikia hatua ya kubeba CD4 na CD8, protini mbili za juu ya utando wake, kwa pamoja. Isiyoweza kabisa kushika MHC hukosa ishara ya kuishi na kufa; inayoshika MHC ya daraja la kwanza hubaki na CD8, na inayoshika ya daraja la pili hubaki na CD4, ile ile inayohesabiwa katika damu ya mtu anayeishi na VVU.

Kipimo cha pili ndicho kinachonishangaza zaidi. Katika sehemu ya ndani ya thaimasi kuna seli ambazo, kwa msaada wa jeni iitwayo AIRE, hutengeneza protini za viungo vya mbali, hata insulini ya kongosho, ili seli T changa zikutane nazo mapema. Inayozishika kwa nguvu huuawa, ingawa baadhi hugeuzwa kuwa seli T za kutuliza kinga. Zaidi ya seli 90 kati ya 100 hazitoki humo zikiwa hai. Mtu aliyerithi hitilafu katika nakala zote mbili za AIRE huweza kushambuliwa na kinga yake mwenyewe, hasa katika tezi zilizo juu ya figo na tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu.

Mwalimu Mstaafu:
Niongeze upande wa seli B, maana nao hupimwa, ila kwa huruma zaidi kidogo. Seli B changa ikishika kitu cha mwili wenyewe ikiwa bado katika uboho, mara nyingi hupewa nafasi ya kupanga upya mnyororo mwepesi, yaani sehemu mojawapo ya kipokezi chake, na hufa endapo marekebisho hayo yatashindikana. Vilevile, si sahihi kusema kwamba zote hukomaa humo, kwani nyingi humalizia katika wengu. Baadaye, zikikutana na kimelea, jeni za kingamwili zake hubadilika tena ndani ya tezi za limfu, na zile zenye kushika vizuri zaidi ndizo zinazopewa msaada na seli T na kuendelea.

Mdadisi:
Shikamoo Mwalimu. Nimesoma pia kwamba thaimasi husinyaa baada ya balehe na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta. Mtu mzima anapata wapi seli T?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Nyingi alishazipata utotoni, nazo huishi muda mrefu na kugawanyika zikiwa nje ya thaimasi. Kwa sababu hiyo kiungo hiki kilidharauliwa kwa muda mrefu: mnyama mzima akiondolewa thaimasi haonyeshi shida kubwa upesi. Mtafiti Jacques Miller aliwaondolea panya wachanga kiungo hicho, na mwaka 1961 akaeleza kwamba limfosaiti zao (kundi la seli za damu lenye seli T na seli B) zilipungua sana na wakashindwa kukataa ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wengine. Mtoto anayezaliwa bila thaimasi hukabiliwa na hatari hiyo hiyo, na hata seli B alizonazo hushindwa kutoa kingamwili bora kwa vimelea vingi, kwa kuwa seli T za CD4 zinazopaswa kuzisaidia hazipo.