Kumtunza mwanangu mlemavu nyumbani, California: ni kweli kuna malipo?

MamaEspe
Habari zenu ndugu. Niko San Diego, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwanangu wa kiume ana miaka 19, ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Hatembei, hasemi. Namwogesha mimi, namlisha mimi, nepi mimi. Kazi ya kufua mashuka hotelini niliiacha mwaka jana, hakuna wa kubaki naye. Ana Medi-Cal, ile bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, na SSI, ile pesa ya kila mwezi ya serikali kwa walemavu. Sasa jirani ananiambia serikali humlipa mzazi amtunze mtoto wake. Nilicheka. Nilipwe kwa kumwogesha niliyemzaa? Halafu kuna bwana anataka dola 200 anijazie fomu. Nimpe? Na SSI ya kijana haitakatwa?

Baba_Tatu
Usimpe hata senti. Kuomba ni bure. Inaitwa IHSS, mpango wa California wa kulipa watunzaji wa nyumbani. Piga simu kaunti, omba mkalimani wa Kiswahili, naye ni bure.

DaZawadi
Jirani yako kasema kweli, dada. Mimi namtunza mama, amepooza upande mmoja, huu mwaka wa 4.

SSI usiogope. Mshahara ni wako, si wa kijana, na akishapita miaka 18 kipato cha mzazi hakihesabiwi kwenye SSI yake. Kwa kuwa mnaishi nyumba moja, jaza pia fomu ya SOC 2298, malipo hayo yasihesabiwe kwenye kodi ya mapato.

Maombi ni fomu ya SOC 295. Daktari wake anajaza SOC 873, kuthibitisha kwamba anahitaji kutunzwa. Mfuatilie, maana wao wana wagonjwa wengi na wewe una siku 45 kuirudisha kaunti. Wewe mtunzaji utachukuliwa alama za vidole, hiyo unalipia mwenyewe.

Lakini yote hayo ni karatasi. Kazi iko siku mfanyakazi wa kaunti anapokuja nyumbani kuhesabu saa. Anauliza kila kitu kwa dakika: kuoga, kula, kuvaa, kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mwisho kabisa ni saa 283 kwa mwezi, kwa wenye hali nzito.

Sikiliza yaliyonipata. Mkalimani alikuwa kwenye simu. Nikaulizwa habari za choo. Mimi, kwa adabu zetu, na mama mwenyewe anasikiliza, nikasema: "Mama anajisaidia kitandani." Yule mkalimani akatafsiri neno kwa neno, kwamba mama anajisaidia, yaani hahitaji msaada! Barua ilipokuja, choo: sifuri. Nilisoma mara tatu. Nikakata rufaa, unazo siku 90 tangu tarehe ya barua, na saa zikaongezwa.

Kwa hiyo siku hiyo weka aibu pembeni. Sema mavi, sema mkojo, sema nani anafuta. Usiseme "namsaidia kidogo tu, ni mwanangu". Na mfanyakazi wa kaunti akisema kijana ni mzuri leo, mwambie na usiku wake ukoje.

Jambo jingine: akilazwa hospitali, siku hizo usijaze saa. Mimi nilijaza kwa kutojua, nikarudisha pesa kidogo kidogo miezi mitano.

Baba_Tatu
Da Zawadi, "anajisaidia" hiyo umenimaliza 😂 Ila kweli, mkalimani wetu wa mwisho alikuwa mtu wa pwani, mama mkwe wa Bukavu, kila mmoja alimsikia mwenzake nusu.

MamaEspe
Asanteni sana. Yule bwana nimemwambia aende zake. Kaunti nimepiga leo asubuhi, nimesubiri kwenye simu dakika 50, fomu inakuja kwa posta. Nimenunua daftari naandika kila ninachofanya. Jana usiku niliamka saa 5, saa 7 na nusu, saa 9, tena saa 11 alfajiri, kumgeuza tu ili asipate vidonda. Na hiyo inahesabiwa?

DaZawadi
Inahesabiwa. Andika na dakika.