Kebo ya kabureta moja imekatika angani: nilipaswa kufanya nini?

Mjenzi wa Kajiado

Ndugu marubani na mafundi, salaam. Ninaomba mnisaidie kuelewa jambo lililonipata Jumamosi iliyopita, kwa sababu nilitua salama lakini sina hakika kwamba usalama ule ulitokana na uamuzi wangu. Ndege yangu ni ya viti viwili, niliiunganisha mwenyewe kwa miaka minne, na injini yake ni Rotax 912 ULS yenye kabureta mbili. Nilikuwa peke yangu, futi 2,000 juu ya ardhi, kilomita nane hivi kutoka kiwanja changu cha nyasi, nilipovuta mkono wa mafuta ili nianze kushuka. Papo hapo injini ikaanza kutetemeka kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Dashibodi ilicheza hata nikashindwa kusoma geji yoyote, na kila nilipozidi kupunguza mafuta, mtetemo nao ulizidi kuwa mkali.

Nilidhani kipande cha propela kimeng'oka. Nikazima swichi zote mbili za moto wa plagi, ambazo niliziweka chini upande wa kushoto, karibu na goti, nikateleza hewani bila injini na kutua kwenye malisho, hatua chache kabla ya korongo. Nilipofungua kava nilikuta propela ni nzima, ila kebo ya kabureta ya kushoto imekatika pale inapobanwa na skrubu. Ninauliza: kwa nini kebo iliyokatika ilete mtetemo, badala ya injini kupoteza nguvu tu? Na je, ningeweza kufika kiwanjani?

Fundi wa Injini, Nairobi

Pole sana, ndugu yangu, na tunashukuru umerudi mzima. Jibu la swali la kwanza liko kwenye springi. Katika injini hiyo, springi ya kila kabureta inavuta upande wa kufungua, na kazi ya kebo ni kuizuia. Waliobuni walitaka kebo ikikatika rubani abaki na nguvu za kumfikisha mahali, si injini iliyolala. Kwa hiyo kebo yako ya kushoto ilipokatika, kabureta ile ilifunguka kabisa, na silinda zake mbili zikawa zinavuta kwa nguvu zote, huku wewe ukizifunga zile mbili za kulia. Tofauti kati ya pande hizo mbili ndiyo iliyoitikisa ndege.

Ndiyo maana dawa yake inakwenda kinyume na silika: unasukuma mkono wa mafuta mbele mpaka mwisho. Kabureta ya kulia inafunguka sawa na ya kushoto, pande zote zinavuta pamoja, na mtetemo unapungua sana. Usiiache injini ikitikisika kwa muda mrefu, kwa kuwa giaboksi na viunzi vinavyoishika injini ndivyo vinavyoumia. Kabla hujaruka tena, vikague vyote viwili, pamoja na mipira ya kabureta.

Mwalimu Mstaafu wa Urubani, Arusha

Ninakubaliana na fundi, nami nitajibu la pili. Ndiyo, ungeweza kufika kiwanjani, ila ungefika na injini isiyopungua mbio, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Ukishafungua mafuta yote, usiruke usawa, kwa sababu ndege ikishika kasi propela inakuwa nyepesi na injini inaweza kupita mizunguko 5,800 kwa dakika. Kikomo hicho chenyewe kimewekewa dakika tano tu, na zaidi ya hapo unatakiwa usizidi 5,500. Inua pua, panda huku ukielekea kiwanjani, uache mzigo wa kupanda uishike injini. Kimo unachokipata njiani ni akiba ya kukusaidia kutua baadaye. Kule kwenu, ambako ardhi yenyewe iko futi 5,000 hivi juu ya bahari, injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, haitoi nguvu zake zote hata ikifunguliwa kabisa, na kwa tatizo hili hilo ni nafuu. Toa taarifa kwa redio mapema, ungali na nafasi ya kuzungumza kwa utulivu.

Ukifika juu ya kiwanja ukiwa na kimo cha kutosha kwa mzunguko mzima bila injini, zima swichi zote mbili. Kuzima moja hakusaidii, kwa kuwa kila mfumo unawasha silinda zote nne na mizunguko hupungua kidogo tu. Propela itasimama, na ndege itashuka kwa mteremko mkali kuliko ulivyozoea ukifanya mazoezi injini ikiwa taratibu. Shika kasi yako ya kuteleza, na ukumbuke kwamba katika hewa nyepesi ya huko ardhi itakupita haraka kuliko geji inavyosema, kwa sehemu moja ya kumi au zaidi. Usiipunguze kasi kwa kudanganywa na macho.

Nisichokipenda ni kuwasha tena karibu na ardhi ukiona utapungukiwa. Injini itaamka kwa nguvu zote mara moja, na ndege nyepesi yenye kasi ndogo inaweza kukuponyoka. Kama ni lazima kuwasha, washa ungali juu, ukiwa na kimo cha kutosha.

Rubani wa Mombasa, sasa California

Mzee wetu amemaliza suala la kuruka, lakini mimi nimeshtushwa na swichi zilizo karibu na goti. Tarehe 12 Oktoba 1997, mwanamuziki John Denver alifariki huku California, kwenye ghuba ya Monterey, akirusha ndege ndogo aina ya Long-EZ iliyojengwa na mtu binafsi. Aliyeijenga aliweka koki ya kuchagua tangi la mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, ilhali michoro ya Burt Rutan, aliyeibuni ndege hiyo, iliiweka mbele, ambapo mkono unafika. Wachunguzi walieleza kwamba ili aifikie ilimbidi ageuke kitini, na mtu akigeuka hivyo ni rahisi mguu kukandamiza pedali ya kulia ya usukani, na ndege ikamponyoka. Kaka, wewe ulizima swichi ukiwa futi 2,000 na nafasi ya kuinama unayo. Je, ungekuwa futi 300?

Mjenzi wa Kajiado

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Jana nilikaa kitini macho yamefungwa, mkanda umekazwa, nikajaribu kuzigusa zile swichi. Mara tatu kati ya tano niligusa swichi ya taa. Ninazihamishia juu ya dashibodi wiki hii. Kuhusu kebo, nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia: nyuzi nyingi zimeshika weusi na chache tu zinang'aa, maana yake zilikuwa zinakatika moja baada ya nyingine kwa muda mrefu, chini ya skrubu niliyoikaza kupita kiasi. Kebo ya kulia nayo ina nyuzi mbili zilizokatika mahali pale pale.

Fundi wa Injini, Nairobi

Badilisha zote mbili, na uhakikishe mkunjo wa ala ya kebo ni mpana. Skrubu ile iguse nyuzi kupitia kipande laini cha shaba, isizikate moja kwa moja.