Kadi ya mtandao ya elfu 30 au ya laki 2 kwa kompyuta ya nyumbani?

Mti_Mkavu: Wakuu, poti ya mtandao kwenye ubao mama imekufa. Kompyuta ni ya mezani, Windows 10. Dukani kuna kadi ya elfu 30 yenye chipu ya Realtek RTL8111, na nyingine mpya ya laki 2, Intel I350 ya poti nne, "ya seva". Intaneti ni faiba ya Mbps 40, ila pia nahamisha video kwenda kompyuta ya chumba cha pili. Hiyo laki na sabini ya ziada nalipia nini hasa?

Fundi_Waya: Kwa intaneti hulipii chochote, mkuu. Mbps 40 haijazi hata kadi ya zamani ya Mbps 100. Kwenye video kinachoamua ni kadi kuwa ya gigabiti (Mbps 1000), na RTL8111 ni ya gigabiti: ikiwa sawa inapitisha kama Mbps 940, yaani faili linakwenda kwa takriban MB 110 kwa sekunde (MB moja ni sawa na megabiti 8). Intel nayo inagota hapo hapo. Poti nne hazijumlishi kasi ukihamisha faili moja kwenda mashine yenye poti moja.

Kadi za seva ni za anayeendesha kompyuta pepe nyingi, au anayegeuza mashine kuwa ruta kwa programu ya pfSense, ambako draiva za Realtek zina sifa mbaya. Wewe humo haumo.

Hakikisha tu ni PCI Express x1 (ile sloti fupi ya ubao mama), si PCI ya kizamani. Kasha likiwa jembamba, omba yenye bati fupi. Ukishaichomeka, zima ile poti mbovu kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama kabla Windows haijawaka).

Kifaa_Safi: Naongezea: I350 mpya ya bei hiyo itilie shaka, zinaigwa sana. Halafu ya poti nne ni ya x4, inataka sloti ndefu kuliko x1. Kama sloti ndefu imekaliwa na kadi ya picha na zilizobaki ni x1, haiingii.

Mti_Mkavu: Nimefunga ya elfu 30. Intaneti safi, lakini video zinakwenda MB 11 kwa sekunde.

Fundi_Waya: Hiyo ni Mbps 100, na kadi usiilaumu bado. Fungua PowerShell, andika `Get-NetAdapter`, soma LinkSpeed (kasi ya kiungo cha waya) kwenye kompyuta zote mbili.

Ikisoma 100 Mbps, angalia waya kwanza. Gigabiti inataka nyaya zote 8. Mbps 100 inatosheka na namba 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo jozi ya bluu au ya kahawia ikilegea kwenye kichwa, mtandao unashuka kimyakimya badala ya kukatika. Jaribu waya mwingine mfupi wa Cat5e. Ukipanda hadi 1 Gbps, kata vichwa vya ule wa zamani ubane upya. Usilazimishe 1 Gbps kwenye mipangilio, iache kwenye Auto Negotiation, vifaa vikubaliane kasi vyenyewe.

Waya ukiwa mzima na bado 100, basi ni ruta. Nyingi za bei nafuu zina poti za Mbps 100 tu, na video zako zinapita humo. Nunua swichi ndogo ya gigabiti ya poti 5, chomeka kompyuta zote mbili hapo, kisha waya mmoja kutoka swichi kwenda ruta. Kuhakiki, weka iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) pande zote: upande mmoja `iperf3 -s`, mwingine `iperf3 -c` na anwani ya IP ya ule wa kwanza. Ikitoa Mbps 930 na ushee huku faili bado linajikokota, mwenye kosa ni diski.