Mrejesho: mawe ya mama kwenye mrija wa nyongo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mawe kwenye mrija wa nyongo yanaweza kutolewa bila kumpasua mama tumbo. Yametoka! Walimpa dawa ya usingizi, wakapitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo, wakapanua tundu la mrija, wakayavuta kwa kiputo kidogo kinachojazwa hewa. Moja lilikuwa kubwa, likabidi livunjwe kwanza ndani ya kikapu cha waya. Walituonya kwamba baada ya hapo kongosho linaweza kuvimba na kuleta maumivu ya tumbo, basi usiku kucha nikawa namuuliza, "Mama, tumbo linauma?" mpaka akanifukuza. Macho yake yaliyokuwa ya njano yanaanza kuwa meupe, na mkojo si wa rangi ya kutu tena. Bado kutolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, maana mawe mengine yanaweza kushuka kutoka humo.