Skuta ya stroku mbili: Nakuru inakwenda vizuri, Kisumu pistoni imekwama

Skuta_Nakuru: Hamjambo wenzangu. Skuta yangu ya mashindano ina silinda ya sentimita za ujazo 70, kabureta ya Dellorto yenye jeti kubwa (kitundu kinachopitisha petroli) namba 88, na ekzosi mpya ya mbio. Jumamosi tuliibeba kwa pikapu hadi Kisumu kufanya mazoezi. Katika mzunguko wa tatu, nikiwa nimevuta mafuta hadi mwisho, sauti ilipanda ghafla, injini ikazima na kiki ikakataa kushuka. Pistoni imechubuka upande wa ekzosi tu, na ringi imenata katika mfereji wake. Oili nilichanganya na petroli moja kwa thelathini, kama siku zote. Kosa liko wapi?

Fundi wa Kondele: Pole sana, ndugu yangu. Usiilaumu oili. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu takriban 1,130. Ukishuka hivyo hewa huwa nzito zaidi, lakini petroli inayopita katika tundu lile lile la jeti haiongezeki kwa kiasi hicho, kwa hiyo mchanganyiko hupungukiwa petroli na pistoni hupata joto kupita kiasi. Skuta ya kwendea sokoni ingevumilia. Yako ilikuwa imefikishwa ukingoni tayari. Namba 88 ni tundu la milimita 0.88. Anza na 94, ambapo injini itasitasita ikiwa na kasi kubwa, kisha ushuke namba mbili mbili. Kila mara vuta mafuta yote mahali paliponyooka, zima papo hapo, utoe plagi uitazame: kahawia ni salama, lakini ukiona kauri nyeupe yenye vijidoa ving'aavyo, hiyo ni alumini ya pistoni yako.

Mwanambio_Milimani: Nakubaliana na fundi, ila joto la Kisumu nalo huipunguzia hewa uzito, kwa hiyo sidhani kuwa mwinuko peke yake ulitosha kuiua. Sauti iliyopanda kabla ya kuzima inanitia shaka kwamba kuna hewa inayovuja kuingia ndani ya injini na kupunguza petroli katika mchanganyiko. Je, ulipoachia mafuta, injini ilichelewa kutulia?

Skuta_Nakuru: Ilichelewa, tena tangu Nakuru, nami nikadhani ni waya wa mafuta. Leo nimefungua upande wa sumaku nikakuta sili ya krenki (mpira unaozuia hewa isiingie) imepasuka mdomo. Nabadilisha sili zote mbili, kisha nitaanza na 94 kama ulivyosema, fundi.